Fundi Aliyerudisha Vitambaa

Siku Mugisha aliponiomba niseme mbele ya Sista kwamba fundi mwenzangu Anselme hana akili timamu, nilipaswa kukataa. Haikuwa kazi ngumu. Neno lenyewe ni fupi, na Mugisha hakuwa ameshika panga. Nilikubali. Kwa kuwa ninyi vijana wa cherehani hapa kambini Nakivale mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa zamani, naanza na hilo, msije mkanisikiliza mkadhani niliyekaa mbele yenu ni mtu safi. Mengine nitayatoa kama mtu anavyopekua kapu la vitambaa: kinachotangulia kushikwa ndicho kinachotoka.

Mimi ni Zakaria, mtu wa Fizi, Kongo. Nilisoma sekondari nikitegemea kuwa mwalimu, vita vikanifanya fundi wa nguo. Nilipofika hapa na mke wangu na binti yetu Neema, sikujua hata kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Aliyenipokea ni Anselme, Mrundi, Mkatoliki wa kusali rozari huku anakanyaga mashine. Alikuwa amekaa miaka mingi katika kambi za Tanzania kabla ya kuja huku Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko. Alikuwa na mashine mbili na baraza moja sokoni Base Camp, katikati ya kambi. Aliniangalia mikono, akasema, "Mikono ya chaki. Kaa hapo. Chaki tunatumia hata sisi."

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kupima. Mtu akiona utepe unamzunguka kiunoni, anavuta tumbo ndani, awe mchungaji, awe mwanamke wa kuuza samaki. Ukishona kwa kipimo hicho, nguo itarudi kesho imepasuka. Anselme alipima mara moja, kisha akasimulia kichekesho, na mteja akiwa bado anacheka alipima tena. "Ya kwanza ni ya kiburi chake," aliniambia. "Shona hii ya pili. Lakini usimwambie." Mpaka leo sijaona mashine ya umeme wala simu yenye picha za mitindo ya Kinshasa inayoweza kufanya hivyo.

La pili ni kuloweka kitenge kabla ya kukata, kisije kikasinyaa baada ya kushonwa. Hili nililijua, nikalidharau. Kwaya ya kanisa letu ilileta vikwembe, yaani vitenge, vya sare, vile vilivyokuwa vinapita mpakani Kikagate kutoka Tanzania, na walikuwa na haraka ya Pasaka. Anselme alikuwa mgonjwa wa malaria. Nikasema, kuloweka kwa nini, kitambaa ni kipya. Nikakata, nikashona, wakafua, wakavaa. Siku ya ibada waliinua mikono kumsifu Mungu, na makwapa yote yakaitikia kwa kuchanika. Mama Furaha, kiongozi wao, alinijia Jumatatu akiwa amefunga khanga juu ya gauni.

"Weye Zakaria," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, "ulitupima sisi ao ulipima batoto betu? Batu balifunga macho juu ya maombi, kumbe banaficha haya!"

Anselme alitoka kitandani, akaniuliza jambo moja tu: "Vitambaa vilivyobaki uliwarudishia?" Nilikuwa nimevificha chini ya meza. Ni desturi yetu mafundi, nanyi mnaijua. Mteja analeta kikwembe kizima, unakata gauni, kinachobaki kinaishia kwenye kapu lako, na mwaka ukiisha una foronya, kofia za watoto na zawadi za kuwapa mashemeji. Hakuna anayeita wizi. Anselme peke yake ndiye aliyekuwa anarudisha. Alikusanya mpaka kipande cha ukubwa wa kiganja, akavifunga kwa uzi wa rangi ileile, akaviweka juu ya nguo iliyopigwa pasi. Tena akamwambia mteja: "Mama, hiki kitambaa usikiweke sandukuni. Kila ukifua gauni, kifue pamoja. Siku likichanika, kiraka kitakuwa kimezeeka pamoja nalo, hakuna atakayekiona."

Tulimcheka. Mafundi wa mstari wa pili walimwita Padri wa Vitambaa. Lakini makwapa ya ile kwaya yaliponywa na vile vipande nilivyovificha. Alikata vipande vidogo vya umbo la almasi, akavitia chini ya kila mkono, na wanakwaya wakaimba mpaka Pentekoste. Mama Furaha akawa anamtangaza sokoni kote, na sisi mafundi akituita batayeri: "Batayeri bote banakula bitambaa. Huyu anarudisha mpaka nyuzi!"

Sasa, watu walichukua wema huo wakaufanya ujinga. Mtu anayerudisha kitu ambacho hakuna aliyekidai, walisema, atakuwa amepungukiwa mahali fulani. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu. Siku moja alikuja kijana analia, anasema mama yake amefariki, anaomba suti ya mazishi haraka, atalipa baadaye. Anselme aliacha kazi zote. Kesho yake kijana hakuja kuichukua suti, akaja mama mmoja mnene, amebeba ndizi kichwani.

"Nimetumwa na mwanangu nichukue suti yake," alisema.

"Mwanao yupi, mama?" nikamwuliza.

Akamtaja. Nilikaa chini kwa kicheko. Anselme alisimama, akampa mkono kwa heshima, akasema, "Karibu sana, mama. Tumefurahi kukuona uko mzima." Akamkabidhi suti na vitambaa vyake.

Mama alipoondoka nilimwambia, "Umedanganywa mchana kweupe, ndugu yangu."

"Nilijua tangu jana," alisema. "Aliyefiwa hawezi kuuliza kama suruali itabana chini."

"Ulijua, halafu ukashona?"

"Zakaria, kijana anayemwua mama yake kwa mdomo apate suti, shida yake si ndogo. Nafikiri kuna msichana." Kulikuwa na msichana kweli. Suti ililipwa, polepole, na kijana huyo mpaka leo ni mteja wa baraza ile, ingawa sisi hatupo tena pale.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba sikumwelewa mtu niliyekaa naye kila siku.

Ngoja niwaambie habari ya kitabu, maana vijana wa leo mnadhani mafundi wa zamani tulisikiliza redio tu. Jirani yetu mwalimu alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, alituachia vitu visivyoingia kwenye begi: sufuria, kiti, na kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada. Ni riwaya ya zamani ya Kirusi. Mimi, kabla ya kujua ni kitu gani, nilichukua mkasi wa kitambaa nikakata kurasa za mwisho, nikatengeneza paturoni ya kola, ile karatasi ya kufuatishia unapokata. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Anselme amekasirika, na hakukasirikia kitabu. "Mkasi wa nguo umekata karatasi!" alilia, akaushika kama mtoto aliyeanguka. Karatasi inaua makali ya mkasi. Kama hamtakumbuka lingine lolote katika haya, kumbukeni hilo.

Mvua ilipokuwa inanyesha na wateja hawaji, nilimsomea kwa sauti nikitafsiri. Neema, ambaye alikuwa msichana mkubwa na alikuwa anajifunza kukata kwa Anselme, alikaa kati yetu anapindisha pindo. Mtu mkuu wa riwaya ile ni kijana mwema. Anaingia katika nyumba za wakubwa wa mji mmoja wa baridi, anasema anachokiona bila kukizungusha, anasamehe kabla ya kuombwa. Wanamcheka usoni. Halafu mmoja mmoja wanarudi kwake kumwambia mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu.

"Huyu ni mjinga kabisa," nilisema siku moja nikafunga kitabu. "Wanamtumia, hata haoni."

Anselme aliendelea kukanyaga mashine mpaka mwisho wa mshono. "Mimi naona anaona," alisema. "Anaona ubaya wa mtu kama sisi. Ila sisi tukiuona tunaacha kuangalia. Yeye anaendelea kuangalia mpaka aone na kitu kilicho nyuma yake."

"Basi kwa nini hajilindi?"

"Hapo ndipo mahali pake pagumu. Kosa lake moja tu, huyu ndugu hana kazi ya mikono. Mtu mwema asipokuwa na kazi, wema wake wote unaishia katika maneno, na maneno watu wanayachezea. Angekuwa na cherehani, wangemheshimu kidogo."

Neema alicheka. "Papa Anselme, kwa hiyo na weye wangekucheka bila cherehani?"

"Wananicheka hata nayo, mwanangu."

Aliuliza kitabu kinaishaje. Nikamwonyesha paturoni ya kola: maneno nusu nusu, sentensi zimekatwa shingoni. Tulijaribu kuusoma mwisho kwenye ile kola, tukapata neno "nyumba", neno "kilio" na jina la mwanamke. "Basi," Anselme alisema, "yatosha. Tuseme alirudi nyumbani." Mimi nilisema kwa hakika watakuwa wamemmaliza. Tuliliacha hapo, kila mtu na mwisho wake.

Sasa nimefika Nyamitanga, na sina njia ya kuzunguka.

Mugisha alikuwa mfanyabiashara wa Mbarara, mwenye duka la vitambaa mjini, mcheshi, mkarimu wa soda. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka sare katika shule moja ya masista pale Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, akatuletea sisi tushone. Yeye ndiye aliyemwambia Sista mkuu wa shule kiasi cha kitambaa kinachohitajika, na aliongeza sana. Kitakachobaki kingekuwa chake. Mimi nilielewa, nikanyamaza. Anselme alishona. Neema alishona naye pindo za magauni, pana, zimekunjwa mara mbili, kwa sababu Anselme alimfundisha kwamba sare ya mtoto inashonwa kwa ajili ya mtoto wa mwakani. Kazi ilipokwisha, alifanya kama siku zote. Alikusanya kilichobaki, tena safari hii lilikuwa furushi kubwa, akalifunga kwa uzi wa buluu. Mugisha alituma gari kuchukua sare. Anselme aliliweka furushi juu ya sare, akamwambia dereva: "Hiki ni cha mwenye kitambaa. Mpe Sista mkononi."

Sista aliliona furushi, akatuita wote.

Asubuhi tulipitia Kaberebere, mji mdogo wa njiani, Anselme, Neema na mimi. Tulipofika dukani kwake Mbarara, Mugisha alinishika mkono, akanivuta pembeni, nyuma ya marobota ya vitambaa vyake.

"Banange, muzee, huyo mtu wako ameniua," alisema. "Sasa sikia. Wewe utasema alikata nguo vibaya, ndiyo maana kitambaa kimebaki. Sema tu hana kichwa sawa, watu wote kwa kambi wanajua. Yeye hatakasirika, si unamjua? Na wewe, sebo, kazi ya shule itakuwa yako. Mashine ya umeme nitakuletea mimi mwenyewe."

"Na kama Sista akiniuliza mengi?"

"Hatauliza. Wewe umesoma."

Nilifikiria ile mashine. Nilifikiria kwamba Anselme kweli hatakasirika. Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba wema wake niliufanya sababu.

Sista alikuwa mama wa Kinyankore, mtulivu, aliyewahi kufundisha upande wa Tanzania. Furushi lilikuwa mezani kwake. "Mafundi," alisema, "mimi nashukuru kwa kurudishiwa. Lakini nataka kujua, hii yote imebaki namna gani?"

Mugisha aliniangalia. Nikasema. "Sista, mwenzangu huyu ni mtu mwema, lakini kichwa chake hakiko sawa. Hajui kukadiria. Alikata nguo ndogo kuliko ilivyotakiwa."

Sista alichukua gauni moja kutoka kwenye rundo, akaligeuza ndani nje, akapima pindo kwa vidole vyake. "Lakini hii pindo ni pana sana. Mtu aliyekata vibaya anaacha pindo hivi?"

Hapo palikuwa na mlango. Mungu aliufungua kwa vidole vya yule mama, ningeweza kutoka. Nikasema, "Pindo nilizirekebisha mimi."

Neema alikuwa amesimama karibu na dirisha. Pindo zile alikuwa amezishona yeye. Sikumtazama.

Sista akamgeukia Anselme. "Mzee, wewe unasema nini?"

Anselme alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa anatazama nguo kuukuu kabla ya kuamua ishikwe wapi isichanike zaidi. "Zakaria ni ndugu yangu," alisema. "Kama amesema hivyo, ana sababu yake. Kitambaa ni chenu, Sista. Mkifua sare, mkifue pamoja nazo."

Mugisha alicheka kwa sauti. "Si umeona, Sista? Kufua kitambaa ambacho hakuna mtu anavaa!"

Tulirudi kwa miguu mpaka daraja la Rwizi. Neema alitangulia mbali mbele, hakutaka kusikia hatua zangu. Nilimwambia Anselme, "Nisamehe."

"Nimekwisha," alisema. "Tangu dukani kwa Mugisha. Ulikuwa huniangalii, nikajua kuna kitu umebeba."

"Ulijua, na bado ukaja?"

"Ungeweza kubadilika njiani," alisema. "Watu wanabadilika. Ningebaki dukani, ungebadilika mbele ya nani?"

Nimeyarudia maneno hayo miaka yote hii. Mtu asiyejua kitu hawezi kuyasema. Alijua kila kitu, akanipa nafasi mpaka ile dakika ya mwisho, na nilipoikosa hakuniumbua ingawa binti yangu alikuwa pale na ushahidi ulikuwa mezani. Nilikuwa nimesoma kitabu kinene juu ya mtu kama huyo, nikitafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe, na alikuwa amekaa mbele yangu anatia uzi.

Kazi ya shule niliipata, na mashine ya umeme ilikuja. Mugisha akaniambia pindo zipunguzwe, ziwe za kidole kimoja, nikapunguza. Watoto wakakua, kama watoto wanavyokua. Wazazi walileta magauni yafunguliwe pindo, na hapakuwa na pindo za kufungua. Sista alituma ujumbe mfupi kwamba hatuhitajiki tena. Mugisha akasema kosa ni la wakimbizi, hawajui kazi, na mashine akaichukua.

Anselme hakugombana nami. Alimaliza nguo za wateja wake wote, akafunga kichwa cha mashine yake kwenye baiskeli, akahamia kwa Warundi wenzake upande wa Juru, humu humu kambini. Kabla ya kuondoka alifagia sehemu yake ya baraza. Neema alimfuata huko kujifunza, kila asubuhi kwa miguu, na mimi sikuwa na uso wa kumkataza. Warundi walipoanza kurudi kwao, naye alirudi. Alimwachia Neema mkasi wake, ule wa kitambaa. Mimi aliniachia kitabu, na ndani yake ile paturoni ya kola, imekunjwa vizuri mahali ambapo kurasa zinaishia. Nilisikia kwamba alifika salama, kisha sikusikia tena. Natumaini mwisho ulikuwa kama alivyousema yeye.

Siku hizi mkono wangu unatetemeka, nakaa tu barazani kwangu. Nawaona mnashona haraka kuliko sisi, na mnashona vizuri. Rudisheni vitambaa. Mtaitwa wajinga kwa muda. Na mkipata kufanya kazi na mtu ambaye watu wanamwita mjinga, kabla hamjacheka mtazameni mikono, muone inarudisha nini.

Nilisema nilikubali. Sasa niseme nililolipa, maana mashine na kazi vilikuja vikaenda, hivyo havihesabiki.

Neema ana duka lake Mbarara. Ni fundi mzuri kuliko nilivyowahi kuwa, na kila mteja wake anaondoka na furushi dogo limefungwa kwa uzi. Alipokuwa anajiandaa kuolewa nilimpelekea ujumbe kwamba gauni nitashona mimi. Nilikuwa nimeshona maharusi wa nusu ya kambi hii. Alikuja mwenyewe kunijibu, akapiga magoti kunisalimu kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Papa," alisema, "utakaa kiti cha mbele kabisa. Lakini nguo yangu usiishike."

Aliolewa na gauni la kukodi. Anakuja kila sikukuu, ananiletea sukari na sabuni, wajukuu wananikalia magotini. Mwaka jana kifungo cha koti lake kilidondoka hapa barazani, mbele ya macho yangu. Nikanyoosha mkono. Alikiokota, akakitia mfukoni, akasema atakishona akifika kwake. Mtoto wangu hajanipa nguo yake tangu Nyamitanga, hata kifungo.